Mficha Uchi Hazai, Lakini Mbele ya Nani?

Katika studio za redio na za mtandaoni, methali hii imegeuzwa ufunguo bandia. Mgeni akisita kidogo, akakitazama kikombe chake cha maji kabla ya kueleza kwa nini ndoa yake ilivunjika, au kama kweli alibadili dini kwa ajili ya mume, mtangazaji husogea kwenye kipaza sauti na kusema kwa upole: "Dada yangu, mficha uchi hazai." Mgeni hucheka cheko la haya. Kisha husema. Kesho yake kipande cha dakika mbili kinazunguka kwenye simu za watu, kimebandikwa kichwa cha habari ambacho yeye mwenyewe hakukitamka.

Methali hiyohiyo hutamkwa na shemeji kwenye kikao cha ukoo, na bosi anayetaka kujua mfanyakazi wake mpya anasali wapi, na kiongozi wa ibada anayemwita muumini mbele ya kusanyiko atoe ushuhuda wa dhambi zake za zamani. Wote wanakusudia jambo moja: sema, na ukinyamaza shauri yako.

Wanaisoma nusu.

Walioitunga walikuwa wakifikiria chumba, na msomaji anakijua chumba hicho hata kama hajawahi kuingia. Mlango umefungwa na pazia limeshushwa. Wanaume wako nje barazani, wanajifanya wanazungumza habari za bei ya samaki. Ndani yumo mkunga, na pengine mama mzazi au shangazi mmoja, basi. Uchi unaozungumziwa ulifunuliwa humo, kwa saa zile, mbele ya mikono iliyokuwa na kazi. Mkunga hakuitwa kutazama. Akitoka, habari anayoipeleka barazani ni fupi: mtoto wa kike, na mama hajambo. Mengine yote aliyoyaona na kuyasikia hubaki kwake. Mkunga anayesimulia kisimani jinsi fulani alivyolia na alichokitaja kwa uchungu hukosa wa kumwita mara ya pili.

Hapo ndipo penye ubishi. Wapo wanaoshikilia kwamba methali ni ya jumla: haya ni kikwazo, anayejieleza hufanikiwa, anayejificha hukwama. Ndivyo inavyofundishwa darasani na ndivyo mwanafunzi anavyoiandika kwenye mtihani akapata alama zake. Si uongo, ila maelezo hayo yanaishia mlangoni. Yanamwambia mtu ajifunue bila kumwuliza amesimama mbele ya nani, kana kwamba mkunga na mpita njia ni mamoja. Ukiirudisha methali chumbani kwake, inadai mambo mawili kabla mtu hajafungua nguo. La kwanza, aliye mbele yako awe na la kufanya kwa ajili yako kwa hicho atakachokiona. La pili, kitakachozaliwa kiwe chako.

Hili la pili ndilo linalosahauliwa zaidi. Mtoto anakwenda na nani nyumbani? Mgeni wa studio hutoka na nauli na chupa ya maji. Watazamaji laki mbili, matangazo na gumzo la wiki nzima vinabaki kwa mwenye chaneli. Hapo kuna uzazi kweli, lakini aliyevuliwa nguo siye aliyejifungua.

Wanaotaka watu waseme nao wana hoja, na hoja yao imeandikwa makaburini. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa Tanzania walikuwa mkoani Kagera. Kwa miaka mingi baada ya hapo ugonjwa uliitwa kila jina isipokuwa lake. Watu wa Kagera waliuita Juliana, ng'ambo ya mpaka Waganda wakasema "slim", na msibani wazungumzaji walitaja homa ya muda mrefu, au wakamtupia jirani lawama za uchawi. Mke alizika mume asijue alichokizika, na mwaka uliofuata akazikwa yeye. Kwa watu wale methali ilikuwa kali na ya kweli kabisa: waliuficha uchi, na uhai ukakosekana.

Ndiyo maana jina la Philly Bongoley Lutaaya halijafutika Uganda. Alikuwa mwanamuziki mashuhuri aliyeishi Sweden. Mwaka 1989 akarudi nyumbani na kutangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wapo waliosema amelipwa, wapo waliosema anatafuta kuuza kanda. Yeye akazunguka mashuleni na makanisani, akaimba, akasimama mbele ya vijana wakamwuliza walichotaka kumwuliza. Desemba ya mwaka huohuo alifariki. Lutaaya hakubanwa na mtu studioni. Alichagua saa, akachagua wasikilizaji, na alijua anataka nini kitoke katika maneno yake. Vijana waliomsikiliza walikuwa na la kufanya na habari ile, tena usiku uleule. Mtu akimtaja Lutaaya kama hoja ya kumlazimisha binti wa miaka 22 aeleze hewani kama ameshapima, amechanganya mambo mawili yasiyohusiana.

Sheria zilizokuja baadaye zimeielewa methali kuliko watangazaji. Sheria ya UKIMWI ya Kenya ya mwaka 2006 na ile ya Tanzania ya mwaka 2008 zote zinamkataza mhudumu wa afya kutangaza majibu ya mgonjwa. Lakini ile ya Tanzania inamtaka pia aliyejua kwamba ameambukizwa amweleze mara moja mwenzi wake. Msomaji apime. Mwenzi yumo chumbani, maana mwili wake na uhai wake vimo katika jibu hilo, kwa hiyo ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Mwajiri hayumo. Mwenye nyumba hayumo. Wenye kikoba hawamo, hata kama wanamwona kila Jumamosi na wanamwita dada.

Usimwulize mtu unachotaka kukijua tu. Mwulize unachoweza kukibeba.

Ukitaka kuona swali halali lilivyoharibiwa na mahali lilipoulizwa, kaa nusu saa kwenye benchi la kituo cha polisi. Anaingia mwanamke, amejifunika kanga hadi kwenye jicho lililovimba. Anahitaji PF3, ile fomu ambayo aliyejeruhiwa huichukua polisi ili daktari aijaze. Ofisa hana nia mbaya, anauliza anachotakiwa kuuliza: nani amekupiga, mlikuwa wapi, mligombana kwa nini. Ila kaunta ni moja. Kushoto yupo kijana wa bodaboda aliyefuata pikipiki yake iliyokamatwa, kulia yupo mzee aliyepoteza kitambulisho, na wote wawili wamenyamaza ghafla kama watu waliosikia kengele. Mwanamke anasema ameanguka bafuni. Jeshi la Polisi Tanzania lilianzisha madawati ya jinsia na watoto kwa sababu hiyohiyo, ili maswali yaleyale yaulizwe nyuma ya mlango na mtu aliyefundwa kuyauliza. Hakuna aliyebadilisha maswali. Kilichobadilishwa ni chumba, na kilipobadilika majibu nayo yakabadilika.

Habari za maisha, tofauti na habari za mwili, zina ubishi wake. Je, mtu akiulizwa alikotoka, anachokiamini na aliyoyapitia, ajibu hadi wapi? Mfano mzuri uko Zanzibar. Siti binti Saad alizaliwa Fumba mwaka 1880 katika watu wa ufinyanzi, na kabla hajawa mwimbaji aliuza vyungu. Alipopata jina, hasa baada ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, wenye wivu walimtukana kwa asili yake na sura yake. Hakukimbilia kujieleza kwa kila aliyemchokoza. Aliwajibu kwa nyimbo, na walioguswa walijijua. Kisha mwaka 1950, karibu na kufa kwake, akaja mwandishi Shaaban Robert na karatasi zake, na kwake Siti alizungumza. Ufukara aliutaja, na vyungu vilitajwa, na yote yakaingia katika *Wasifu wa Siti binti Saad* uliochapishwa mwaka 1958.

Ni mwanamke yuleyule na maisha ni yaleyale. Waliouliza ili wamshushe walipata mafumbo. Aliyeuliza ili amwandike alipata habari. Na kilichozaliwa kilikuwa cha Siti: wimbi la waimbaji wa taarabu waliomfuata linajua bibi yao alitoka wapi.

Kuna pia maswali ambayo umma una haki nayo, na hapa wapenda siri wasishangilie mapema. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa ikitafuta Jaji Mkuu chini ya katiba mpya, na waombaji walihojiwa hadharani. Willy Mutunga aliulizwa kuhusu sheria, akaulizwa pia kuhusu talaka yake na hereni iliyokuwa sikioni mwake. Alieleza kwamba hereni ile ina uhusiano na imani ya mababu zake, na kwamba hataivua hata kama kazi yenyewe itategemea kuivua. Juni mwaka huo akaapishwa. Anayeomba kuwaamulia wananchi milioni 40 hawezi kusema imani yake ni siri yake, kwa sababu imani hiyo itakaa naye kitini. Kwa hiyo kumwuliza anaiheshimu vipi dini ya mtu asiyesali kama yeye ni swali la mkunga. Kumwuliza habari ya pambo lake, kwa hofu ya kwamba mwanamume mwenye hereni atakuwa na jingine analolificha, ni umbea uliovaa suti. Kwamba alijibu vizuri hakuligeuzi swali kuwa zuri.

Na sasa maneno mawili kwa wanaojibu, maana lawama zote hazitoki studioni. Wapo watu wasiosubiri hata kuulizwa. Ugomvi wa chumbani uko kwenye status ya WhatsApp kabla uji haujapoa. Dua ya mtoto mgonjwa imepigwa picha pamoja na mtoto mwenyewe, dripu mkononi. Mtoto yule hakuulizwa kama anataka kuonekana. Wakikosolewa wanajibu kwa methali hii, kana kwamba wahenga waliketi chini ya mwembe kuidhinisha tabia hiyo. Kujianika kwa watu elfu tatu ambao hakuna hata mmoja atakayekuja na chupa ya chai si ujasiri. Ujasiri ulikuwa kumpigia simu dada mtu na kumwambia, njoo, nimeshindwa.

Kiswahili kimeshaweka adabu ya jambo hili katika salamu, tunaipita kila siku bila kuiona. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Inakuja nzuri kwanza, hata kama usiku kucha hakulala mtu. Kisha, akitaka, mwenye habari huongeza: "Ila mtoto ana homa." Wageni huona ni unafiki, kwa nini aseme nzuri na mtoto anaumwa? Si unafiki. Aliyeulizwa amepewa nafasi ya kupima kama aliyesimama mbele yake ana haraka, ana watu nyuma yake, au ana moyo wa kusikia, na mwuliza naye ametimiza wajibu wake bila kubomoa mlango. Anayejibu "nzuri" akanyamaza hakudanganya, na mwungwana hamfuati hadi kwenye geti akimdai ukweli. Mtangazaji aliyelelewa na watu anaijua adabu hii akiwa kwao Mbagala au Mtwapa. Akivaa vipokea sauti anaisahau.

Hata dola inaweza kubana mno, na inaweza kujizuia. Kenya mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa chama cha KANU, wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya wakala wa mgombea wamtakaye, wakihesabiwa mchana kweupe, chifu anaona na jirani anaona. Mlolongo huo ulimlazimisha kila mtu kujibu hadharani swali la moyo wake, na wengi walisimama walipoogopa kutosimama. Baadaye KANU wenyewe waliuacha, wakarudi kwenye kura ya siri.

Tanzania nayo ilijiuliza zamani kama ina kazi yoyote ya kufanya na dini ya mwananchi mmoja mmoja, ikaona haina. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho iliyouliza swali hilo. Wapo wanaolitaka lirudi, kila upande ukiamini idadi itausaidia, na huo peke yake ni ushahidi wa kutosha wa nini kingezaliwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120; karani aliuliza umri, elimu, choo cha nyumba na chanzo cha maji, wala hakumwuliza hata mmoja wao anamwabudu nani.