Ufa Usioonekana na Amana ya Mkaguzi

Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walimlenga aliyeuona ufa akaupuuza. Je, aliyeutafuta asiuone, naye ana lawama? Julai 19, 1989, ndege ya DC-10 ya shirika la United ilianguka uwanjani Sioux City, Marekani, baada ya diski ya titani ya feni ya injini ya mkiani kupasuka angani. Kati ya watu 296, walikufa 112. Ndani ya diski mlikuwa na kasoro ndogo tangu titani ilipoyeyushwa. Ufa ukaanzia hapo, ukawa unakua kidogo kidogo kila safari, kwani metali inayovutwa na kuachiwa maelfu ya mara huchoka bila kubadilika sura. Takriban safari 760 kabla ya ajali, diski hiyo ilikuwa imekaguliwa: ilipakwa dawa inayopenya kwenye nyufa, ikasafishwa, ikatazamwa gizani kwa taa ya urujuanimno ili ufa ujitokeze kama mstari unaong'aa. Wachunguzi walikuta mabaki ya dawa hiyo ndani ya ufa wenyewe. Dawa ilifika, jicho halikufika.

Kwa maoni yangu, kosa haliko katika kutoona, bali katika kugeuza "sikuona" kuwa "hakuna". Saini ya mkaguzi ni ushahidi, na shahidi mwaminifu hathibitishi zaidi ya alichokiona. Atakayepinga atasema shaka ya namna hiyo haitaruhusu ndege yoyote kuruka. La hasha. Wahandisi huchukulia kwamba ufa upo, wenye ukubwa ule ambao jicho linaweza kuukosa. Hukokotoa utachukua safari ngapi kufikia kuvunja kifaa, kisha hupanga ukaguzi zaidi ya mmoja kabla ya hapo. Shaka ikishapimwa hivyo, ndiyo inayoirusha ndege. Mwingine atasema ajali ni kudra, na siku ya mtu ikifika imefika. Lakini anayeamini kwamba Mungu ndiye aliyeiwekea metali kanuni zake hawezi kuzidharau kanuni hizo kwa jina Lake. Kutawakali huja baada ya kazi, hakuchukui nafasi yake. Basi mkaguzi aliyetazama kwa bidii na bado akaukosa ufa ametimiza amana yake. Mwenye kesi ya kujibu ni yule aliyepanga kazi kana kwamba jicho moja, likitazama mara moja, haliwezi kukosea.