Ukuta Nao Hunywa Maji

Kiangazi ndicho hiki, na kuanzia Uyole mjini Mbeya hadi Kihesa mjini Iringa watu wanajipigia lipu wenyewe kuokoa hela ya fundi. Nawaunga mkono. Ila nyumba zetu nyingi huku ni za matofali ya kuchoma, na tofali la kuchoma hunywa maji kweli kweli. Ukibandika lipu kwenye ukuta mkavu, tofali linafyonza maji yote. Saruji haikazwi na jua, hukazwa na maji. Yakiisha mapema, na upepo wa Iringa nao ukizidisha, zinatokea nyufa nyembamba; ukigonga kwa kidole, lipu inalia kama debe tupu. Mvua za Novemba zikifika inabanduka vipande vipande.

Lowesha ukuta kwanza. Koroga lipu ya kiasi utakachomaliza ndani ya saa moja. Iliyoanza kukaza usiiongezee maji. Ukishapiga lipu, imwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Najua kubeba ndoo kunachosha, hasa kwa mnaokaa milimani, lakini msiache.

Lipu mnaweza kujipigia, lakini nyaya za umeme, tafadhali sana, mwachieni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.