Kalamu ya Fedha na Bei ya Haki

Mtu akikuuzia kitu cha thamani kwa bei ndogo kwa sababu hajui ni kitu gani, je, umenunua au umedhulumu? Labda utajibu upesi: "Bei ameitaja mwenyewe, nami nimelipa. Yamekwisha." Hata mimi nilijibu hivyo. Nataka kukueleza jinsi jibu hilo lilivyonishinda.

Mimi napenda kukusanya kalamu za wino za zamani, hasa zile za madini. Wazee wa Bukavu wanazikumbuka. Zamani, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, na hata baada ya uhuru wa 1960, karani alitembea na kalamu mfukoni mwa shati, kifuniko chake kiking'aa kifuani. Watu walimwona kwa mbali wakasema: "Huyu anajua kuandika." Kisha zikaenea kalamu za Bic, zilizoanza kuuzwa Ufaransa mwaka 1950. Hizo ni rahisi, hazitaki chupa ya wino, na zikiisha hutupwa. Basi kalamu za zamani zikaingia sandukuni. Wenyewe wakafariki, na wajukuu hawakujua tena thamani yake.

Mwaka 2018 nilikuwa sokoni Kadutu. Kijana mmoja alikuwa ametandika gunia chini, na juu yake makufuli, vijiko, saa iliyosimama, na kalamu moja nyeusi. Nikaishika, nikaona ni nzito. Nikaifungua: ncha yake ilikuwa ya manjano, wala haina kutu. Chuma kikikaa miaka mingi chenye unyevu huliwa na kutu nyekundu. Fedha haili kutu hiyo. Hugeuka nyeusi tu, kwa sababu ya salfa iliyomo hewani. Nikasugua kifuniko kwa kidole, nikaona miraba midogo iliyochongwa, na alama ya fedha halisi. Ilikuwa Parker 75, kalamu ya Marekani iliyotoka katika miaka ya 1960. Mwili wake ni fedha, sehemu 925 katika 1,000, na ncha yake ni dhahabu ya karati 14.

"Kijana, hii bei gani?"

"Papa, lete dola 5. Ni chuma cha zamani cha babu. Alikuwa karani. Natafuta minervali ya dada yangu."

Nilijua ya kuwa wakusanyaji wenzangu wangetoa dola 100 bila kusita. Nikanyamaza. Nikalipa dola 5, nikashuka mlima upesi, kana kwamba naogopa kuitwa.

Nyumbani niliisafisha, nikaijaza wino, ikaandika vizuri sana. Lakini moyo haukutulia, nami nikaanza kujitetea.

Kwanza nilisema: bei aliitaja yeye. Ni kweli. Lakini yeye alitaja bei ya chuma, na mimi sikununua chuma.

Pili nilisema: elimu yangu ni jasho langu. Nimejifunza kalamu kwa miaka mingi, na wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Ni kweli, elimu yastahili ujira. Lakini ujira ni sehemu, sio mali yote ya asiyejua. Daktari hutoza ada kwa kazi yake; hachukui shamba la mgonjwa kwa kuwa mgonjwa hajui dawa.

Tatu nilisema: nisingaliinunua mimi, angaliinunua mfua fedha na kuiyeyusha. Huenda. Lakini kuiokoa kalamu si ruhusa ya kumdhulumu mwenye kalamu.

Swali hili si jipya. Mtakatifu Agostino, katika kitabu chake juu ya Utatu, anakumbuka habari ya mchezaji mmoja wa maonyesho. Huyo aliwaahidi watu kuwaambia yaliyomo mioyoni mwao, kisha akasema: mnataka kununua rahisi na kuuza ghali. Watu wakakubali wote. Lakini Agostino anajibu kwamba si wote walio hivyo. Yeye mwenyewe alimjua mtu aliyeletewa kitabu anunue, na muuzaji, kwa kutojua thamani yake, akataka kidogo tu. Mnunuzi akampa bei ya haki, iliyokuwa kubwa zaidi, hali muuzaji hakuitazamia. Kumbuka kwamba zama zile kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, kwa hiyo bei yake haikuwa ndogo.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Tomaso wa Akwino alisema wazi zaidi. Mtu akiuza dhahabu huku akidhani ni shaba, na mnunuzi anajua, huyo mnunuzi amenunua kwa udhalimu, tena lazima arudishe. Niliposoma hayo nilifunga kitabu. Dhahabu kwa shaba, fedha kwa chuma: tofauti iko wapi?

Nilirudi Kadutu Jumamosi tatu. Ya tatu nikamkuta yule kijana, nikamweleza yote. Hakukasirika. Aliniuliza tu: "Papa, mbona hukuniambia siku ile?" Kisha akaitazama kalamu, nyeupe sasa, akasema: "Ningalijua, labda nisingaliiuza. Ni ya babu."

Hapo niliona jambo ambalo sikuliona kwanza. Nilidhani nadaiwa pesa tu. Kumbe kimya changu kilikuwa kimemnyang'anya na hiari yake. Alikuwa na haki ya kupima mambo mawili, ukumbusho wa babu na masomo ya dada, na kuamua mwenyewe. Mimi niliamua mahali pake, naye hakujua hata kama kulikuwa na la kuamua.

Basi nikaweka juu ya gunia kalamu na dola 80. Nikamweleza hesabu: bei ni 100, nimekwisha kulipa 5, na 15 ni ujira wangu wa kuitambua na kuisafisha. "Chagua. Ukitaka kalamu, ichukue, utanirudishia zile 5 utakapozipata." Akaigeuzageuza kwa muda mrefu, kisha akachukua pesa. Dada yake alikuwa angali anadaiwa shuleni. Siku hiyo ndiyo niliyoinunua kalamu.

Nyumbani mwetu mna vitu vya wazee: saa, viti, picha, kalamu. Wewe unayeuza, usikimbilie kuviita takataka. Kitu kikiwa cheusi bila kutu, usikikwangue kwa kisu. Mwulize kwanza mtu anayejua. Na wewe unayejua, mwambie asiyejua kabla ya kutoa pesa. Kama ununuzi wako ungevunjika mara tu mwenzako anapoambiwa kweli, tambua kwamba bei hiyo si ya haki. Kununua rahisi si dhambi. Kununua ujinga wa mwenzako kwa dola 5 ni deni, na deni halifi kwa kunyamaza.