Kivuli ni Haki ya Nani?



Tafakuri ya leo ina swali moja: kijana asiye na hela mfukoni akitaka kukaa mahali atulie, hapa mjini kwetu akae wapi?

Msinijibu haraka kwamba Ufipa yote ni uwazi na kijani. Ni kweli, ukitoka Chala kidogo tu unakutana na mashamba. Lakini shamba lina mwenyewe, tena ni mahali pa kazi. Nasemea huku katikati, penye maduka na nyumba. Huku ukitaka kukaa kivulini, mara nyingi ununue soda, ucheze pool au ubeti mkeka. Asiyenunua anaitwa mzururaji. Na binti je? Yeye hata hicho kijiwe hana.

Halafu kijana huyo anakosa usingizi, ananyamaza, anakata tamaa. Sisi tunamwambia: imani yako ndogo, zidisha swala. Swala ni lazima, na dhikri inatuliza moyo, hilo halina ubishi. Lakini mwenye moyo huo ana mwili, na mwili unahitaji pa kukaa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walitoa matokeo ya kufuatilia watu zaidi ya 900,000. Waliokulia penye kijani kidogo kabisa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi ya akili ukubwani, hadi asilimia 55 zaidi. Sisemi mti ni dawa. Anayeumwa apelekwe kituo cha afya, wala si aibu. Nasema mahali tunapowalelea watoto nako kuna sehemu yake.

Sasa, kivuli ni hisani au ni haki? Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyomo kwenye Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuonya na mambo mawili yanayoleta laana: kujisaidia kwenye njia ya watu, na kujisaidia kwenye kivuli chao. Angalieni hilo neno “chao”. Kiwanja ni cha nani, hakikutajwa. Kivuli wanachopumzikia watu kimewekwa pamoja na njia, kitu cha wote. Sitoi fatwa hapa, natafakari tu: ikiwa kukichafua ni jambo zito hivyo, kukiondoa kabisa kutakuwaje?

Mtu atasema, “Sheikh, kiwanja kitupu ni hasara, zijengwe fremu tupate kodi.” Hoja hiyo ina uzito, maana kodi inalisha watoto. Hata Nairobi mwaka 1989, palipotakiwa kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai alipinga akaonekana adui wa maendeleo, akakejeliwa mpaka bungeni. Jengo halikujengwa. Mwenye nyumba kubwa ana bustani yake uani. Ile ya umma ndiyo bustani ya asiye nayo. Fremu unaweza kuzijenga mtaa wa pili, lakini mti wa miaka 30 hauhamishiki.

Basi tuanze na tulichonacho. Mvua zetu za Rukwa zinakatika baada ya muda si mrefu. Kila familia yenye nafasi ipande mti mmoja wa kivuli mahali watu wanapopita, iwe mparachichi au mwingine, iweke na benchi. Akae yeyote, awe Muislamu au jirani asiye Muislamu, na mabinti zetu wapate nafasi yao ya heshima. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anachokula mtu, ndege au mnyama katika ulichopanda ni sadaka yako. Na jioni hii, kabla ya futari, muulize kijana wako hali yake, kisha umsikilize mpaka amalize.

Allah azitulize nyoyo za vijana wetu na atutakabalie funga zetu. Aamin.