Frateri, hiyo Tiba Itafika Lini?



Likizo hii nilikuwa nyumbani, Kigonsera. Jioni moja, baada ya kikao cha VIWAWA, binti mmoja wa sekondari alinifuata. Ana kisukari cha aina ya kwanza, anajichoma insulini kila siku. Kwao hakuna friji. Chupa ya dawa inakaa kwenye chungu chenye mchanga mbichi.

"Frateri, nasikia siku hizi wanatibu kwa kubadilisha vinasaba. Si dhambi hiyo?"

Nikafurahi, maana swali hilo nimelisoma darasani. Nikamweleza: katika ugonjwa wako, kinga ya mwili imegeuka kushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Panawaka kama moto mle ndani, seli zinakufa. Watafiti wanachukua kirusi kilichoondolewa makali, wanakibebesha jeni, kinaiingiza kwenye seli ili seli yenyewe itengeneze protini ya kuupoza ule moto. Wamejaribu maabara na kwa panya, na seli zikakingika. Ni kama ngoro za Wamatengo kule milimani: hazileti udongo mpya, zinazuia uliopo usisombwe na mvua.

Na je, ni kujifanya Mungu? Hati ya Kanisa *Dignitas Personae* ya mwaka 2008 inasema kutibu seli za mwili wa mgonjwa mwenyewe, kimsingi, ni halali. Kugusa mbegu za uzazi ili badiliko lirithiwe, kwa hali ilivyo sasa, hapana: hatari yake ingemwangukia mtoto ambaye hajazaliwa.

Akanisikiliza hadi mwisho. "Sawa, si dhambi. Sasa itafika Kigonsera lini?"

Nikamwambia tuombe.

Jamani, jibu lile limeninyima usingizi. Si kwamba sala ni bure, hapana. Ila mimi niliitumia kama mlango wa kutokea.

Mwaka 1923 Banting, Best na Collip walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hakimiliki ya insulini, kila mmoja kwa dola moja tu. Imepita miaka 100 na bado kuna chungu cha mchanga. Tiba ya jeni ya selimundu, ugonjwa unaotesa watoto wengi hapa Tanzania, iliidhinishwa Marekani Desemba 2023. Wakati huo bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Najua utafiti ni ghali. Lakini katika insha yangu ya maadili nilipima tendo, nikapima nia, bei sikuigusa kabisa, na alama nikapewa nzuri!

Yule Msamaria hakuishia kufunga majeraha. Alitoa dinari mbili, na akaahidi kulipa kitakachozidi (Lk 10:35).

Jumapili nilirudi kwa yule binti nikamwambia ukweli: sijui itafika lini. Akacheka kidogo. Akasema kwa sasa kilichomwishia ni vijiti vya kupimia sukari, tangu mwezi uliopita. Nimeshamwomba mwenyekiti wetu jambo hilo liwe la kwanza kwenye kikao kijacho, kabla ya sare za kwaya.