Taa Iliyong'olewa Balbu



Nikiwa likizo hapa Majengo, kijana mmoja wa VIWAWA alinifuata baada ya Misa na swali ambalo halikuwemo kwenye mitihani yangu ya falsafa. Familia yao inauza gari ili mdogo wake apate ada. Ni Toyota ya miaka ya 1990, na taa ya injini kwenye dashibodi inawaka. Dalali kamshauri aing'oe balbu yake, basi. "Frateri, hapo nina dhambi gani? Sijadanganya mtu. Nimenyamaza tu."

Kwa wasiojua, zile Toyota za zamani zina siri yao. Ukifungua boneti utakuta kiboksi kidogo cha plastiki kimeandikwa "DIAGNOSTIC". Unachukua kipande cha waya, unaunganisha tundu la TE1 na la E1, kisha unafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini inaanza kupepesa, na unahesabu. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22: angalia sensa ya joto la maji (sensa ya mafundi, siyo ya kuhesabu watu). Ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, kompyuta haina kosa lolote kwenye kumbukumbu yake. Huhitaji mashine, na huhitaji kumlipa mtu.

Ndiyo maana yule kijana alikuwa na hoja ya pili, na si ya kijinga. Kama kipimo kiko wazi kwa kila mwenye waya, mnunuzi si apime mwenyewe? Macho anayo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua swali hili karne ya 13, kwenye Summa, sehemu inayohusu udanganyifu katika kuuza na kununua (II-II, swali la 77). Anatenganisha kasoro inayoonekana na iliyojificha. Farasi mwenye jicho moja hulazimiki kumpigia mbiu, ilimradi bei uipunguze inavyostahili. Ila kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima useme. Kwa hiyo kiti kilichochanika kiache, mtu atakiona. Sensa mbovu inayofanya gari linywe mafuta na ligome kuwaka asubuhi za baridi kule Kibosho, hiyo mwambie. Uwezekano wa mnunuzi kupima haukuondolei wajibu, kwa sababu wewe tayari unajua na yeye hajui.

Na kung'oa balbu siyo kunyamaza, jamani. Gari lilikuwa linasema kweli, wewe umelifunga mdomo ili lionekane linasema "mzima". Mnunuzi akiangalia dashibodi anapokea jibu, na jibu hilo umelitunga wewe. Hapo Amri ya Saba imeguswa, na ya Nane haiko mbali. Ada ya mdogo wako ni jambo jema kweli, lakini huyo mnunuzi naye huenda ana mdogo wake.

Swali linalonisumbua zaidi ni jingine. Vipi kama taa haiwaki, una wasiwasi, na unaamua kutogusa kile kiboksi ili ukiulizwa ujibu "sijui" kwa moyo mweupe? Tomaso anaujua ujinga wa namna hiyo. Mtu anayetaka kutojua ili awe huru kutenda, ujinga wake haumwondolei kosa. Kwa kweli unaweza kuliongeza. Naona hapa ndipo wengi wetu tulipo, mbali kabisa na biashara ya magari. Hatusemi uongo mkubwa. Tunakwepa tu ile dakika ya kuhesabu taa inapepesa mara ngapi.

Fundi mzoefu akija kununua gari huanza na jambo dogo: anafungua swichi kabla ya kuwasha injini. Hapo taa ya injini inatakiwa iwake, halafu izime injini ikishanguruma. Isipowaka kabisa hafurahi, anashtuka, kwa maana taa nzima lazima ijionyeshe kwanza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 16 (1965), unasema dhamiri ya mtu asiyejali kutafuta ukweli inaweza kupofuka taratibu kwa mazoea ya dhambi. Kwa hiyo nikimsikia mtu anasema "mimi dhamiri yangu hainisuti kitu", simpongezi haraka. Namuuliza ilimsuta lini mara ya mwisho.

Tena hata kipimo kizima kina mipaka. Kompyuta inajua kile tu ambacho waya zake zimefika. Taa inaweza kupepesa vizuri kabisa huku tairi zimeisha na breki zimekwisha, na wewe unashuka kutoka Marangu na abiria. Ndivyo ilivyo kwa kutafiti dhamiri peke yako kitandani usiku. Ni kuzuri, nakufanya, lakini nahitaji pia jicho la nje: padre kitubioni, mama, rafiki asiyeniogopa.

Wachumba, na ninyi mmo. Kanuni ya 1098 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inasema mtu aliyefunga ndoa kwa kudanganywa makusudi, kuhusu sifa ya mwenzake inayoweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa, ndoa hiyo ni batili. Mtoto uliyemficha, madeni, ugonjwa, kama unajua huwezi kuzaa. Sisemi uyamwage yote siku ya kwanza mnakunywa soda stendi. Lakini kabla wazee hawajapeleka mbege ya posa, mwenzako awe ameshasikia, na awe amepewa muda wa kusema hapana.