Dhamiri ya Mtu Mmoja

Wako Wakristo wasemao kwamba mtu huacha imani kwa sababu ya ulevi, au fedha, au kiburi. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini maisha ya Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa nchi hii ya shaba, yadai jibu lililo bora zaidi.

Alizaliwa mwaka 1941 mjini Likasi, ulioitwa wakati ule Jadotville, katika njia itokayo Kolwezi kwenda Lubumbashi. Alilelewa na Wabenediktini. Na alipokuwa kijana akaingia monasteri yao ya Gihindamuyaga, katika Rwanda. Huko siku hugawanywa: saa ya sala, saa ya kazi, saa ya kusoma. Kisha akatoka. Mwaka 1970 akapata udaktari huko Louvain, Ubelgiji. Baadaye akafundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi.

Mwaka 1973 ilitoka riwaya yake ya Kifaransa, Entre les eaux. Padri mmoja Mkongo, Pierre Landu, aona Kanisa limeketi pamoja na wenye nguvu. Aliacha na kuwafuata waasi msituni. Nao waasi hawamwamini. Mwandishi mwenyewe alitoka katika imani: hakusema kwamba amethibitisha kuwa Mungu hayuko, bali kwamba hawezi kujua kama yuko.

Je, kwa kupoteza imani alipoteza na dhamiri? La. Serikali ya Mobutu ilipomweka katika Kamati Kuu ya chama, penye heshima na mali, alihama nchi, akaenda kufundisha Marekani. Huko alifariki mwaka 2025. Mtu aliyekataa kusali asichokiamini alikataa pia kumsifu mtawala asiyemkubali.

Basi, mkatekumeni ajifunze nini? Kwanza, kwamba imani haina thamani isipotolewa kwa hiari. Mtaguso wa Vatikano wa Pili ulifundisha mwaka 1965 kwamba mtu yeyote asilazimishwe kuamini. Anayeomba ubatizo ili apate mke, au nafasi ya shule, au kuwapendeza wazee, bado hajajibu neno. Heri aulize maswali yake sasa, kabla ya kukifikia kisima cha ubatizo. Mtume Tomaso aliuliza, wala hakufukuzwa.

Pili, je, dhamiri ya mtu mmoja yatosha peke yake? Watu wa Kasulo wajua jibu. Mchimbaji hushuka shimoni peke yake. Hakuna awezaye kushuka kwa niaba yake. Lakini kamba hushikwa na wenzake walio juu. Ndivyo ilivyo dhamiri: kila mtu hushuka na yake, lakini amefundishwa na wengine, na bila wao hupotea gizani.

Hata Mudimbe, aliyetetea uhuru wa akili yake, hakuikata kamba yote. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 aliyaeleza maisha yake kama bustani iliyolimwa kwa desturi ya Wabenediktini. Imani ilikwisha, malezi yalibaki.

Kwa hiyo, nyumba ambayo mtoto wake amesema kwa unyofu kwamba haamini tena, isimfungie mlango, wala isimnyime chakula. Mchimbaji akikaa kimya chini, walio juu hawaiachi kamba.